Mikono miwili haimtoshi mama anayenyonyesha kwa maumivu

Agosti ya kila mwaka huzikutanisha shughuli mbili katika Nyanda za Juu Kusini. Kuanzia tarehe 1 hadi 7 ni Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, na siku hizo hizo Uwanja wa John Mwakangale jijini Mbeya huwa umejaa wakulima wa Nanenane: mahindi, mpunga wa Mbarali na Kyela, ndizi na viazi vya Rungwe, chai ya Mufindi. Upande mmoja tunawahimiza akina mama wanyonyeshe maziwa yao pekee kwa miezi sita. Upande wa pili tunajionea kwamba kanda hii inajua kulima. Yote mawili ni mema. Lakini yupo mama asiyefikiwa na bango la kliniki wala banda la maonyesho. Amejifungua wiki mbili zilizopita. Chuchu zimepasuka, na kila kichanga anaposhika titi yeye anauma meno. Kichanga akishiba anacheua, analia, anajinyonga, anataka titi tena. Pembeni yuko mkubwa wa miaka miwili na nusu, anavuta kanga ya mama yake akitaka uji, au akitaka tu kubebwa na yeye kama zamani. Ninachodai ni kwamba mama huyu anajua tayari anachotakiwa kufanya. Aliambiwa kliniki tangu mimba, akaambiwa tena baada ya kujifungua. Anachokosa ni mtu wa kumtazama anavyonyonyesha katika wiki ya kwanza, na mtu wa kumpokea yule mkubwa. Mpaka tutakapoacha kuyahesabu hayo kuwa mambo ya nyumbani kwake, tutaendelea kutoa wosia ule ule na kupata matokeo yale yale.

Takwimu za taifa zinaonyesha pengo lilipo. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 70 ya watoto walianza kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, kutoka asilimia 51 katika utafiti wa 2015-16. Hiyo ni hatua kubwa, na wakunga wetu wanastahili kushukuriwa kwa hilo. Katika kipindi hicho hicho, watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonya maziwa ya mama pekee walipanda kutoka asilimia 59 hadi 64 tu. Nchi ni ile ile, akina mama ni wale wale, na elimu waliyopewa ni moja. Kwa nini jambo moja lipande pointi 19 na jingine pointi 5? Naona jibu moja lenye nguvu kuliko mengine: saa ile ya kwanza mama anakuwa na mkunga pembeni yake, mtu mwenye ujuzi anayemwinua mtoto, anayemweka kifuani, anayeona kama ameshika titi. Baada ya hapo mlango unafungwa, na miezi sita inayobaki ni ya mama peke yake. Mtu atasema kunyonyesha miezi sita bila kumpa mtoto kitu kingine ni kugumu kwa asili kuliko kunyonyesha mara moja leba. Ni kweli, na ugumu huo ndio hasa ulipaswa kutufanya tuupeleke msaada huko nyumbani, badala ya kuumaliza wodini.

Tuanze na huyo anayecheua. Mahali umio unapoingia tumboni pana msuli unaofungua na kufunga njia. Kwa kichanga msuli huo bado haujakomaa, chakula chake chote ni cha majimaji, na sehemu kubwa ya siku amelala. Maziwa yanarudi. Mwongozo wa kitabibu wa Uingereza uliotolewa mwaka 2015 unasema hali hii huwapata angalau watoto 40 katika kila 100, huanza kwa kawaida kabla ya wiki nane, na huisha kabla ya mwaka mmoja kwa watoto tisa katika kila kumi. Utafiti uliofanywa Chicago na kuchapishwa mwaka 1997 ulikuta kwamba katika umri wa miezi minne takriban thuluthi mbili ya watoto hucheua angalau mara moja kwa siku, na kufikia miezi kumi hadi kumi na miwili wanabaki wachache sana. Dawa za kupunguza asidi, ambazo wazazi wa mijini sasa wanaziulizia madukani, hazisaidii mtoto anayecheua na kulia bila tatizo jingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2009 liliwagawa vichanga 162, nusu wakapewa lansoprazole na nusu dawa isiyo na kitu. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 54 katika kila kundi, sawasawa, na waliopewa dawa halisi walipata zaidi maradhi makubwa, hasa ya kifua. Kwa hiyo mtoto anayecheua lakini anaongezeka uzito na kukojoa vizuri hahitaji dawa. Ila mtoto anayetapika kitu cha kijani au chenye damu, anayetapika kwa nguvu mpaka maziwa yanaruka mbali, mwenye homa, aliyelegea, mwenye utosi uliovimba au asiyeongezeka uzito, huyo hana la kusubiri nyumbani. Ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa titi lenyewe. Kuuma kidogo siku za mwanzo ni kawaida, lakini chuchu yenye kidonda ni dalili kwamba kuna jambo la kurekebisha, na mara nyingi jambo hilo ni namna mtoto alivyoshika. Mtoto aliyeshika vizuri amefungua mdomo wazi, mdomo wa chini umegeukia nje, kidevu kimegusa titi, na eneo jeusi linaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Aliyeshika chuchu tupu anaisugua mpaka inachanika, na maziwa hayatoki inavyopaswa. Zipo sababu nyingine, kama utando mweupe wa fangasi mdomoni mwa mtoto unaohamia kwa mama, au ulimi uliofungwa na utepe mfupi, na hizo zinahitaji jicho la mtaalamu. Uchambuzi wa tafiti uliofanywa na mtandao wa Cochrane mwaka 2014 ulikuta kwamba kupaka maziwa ya mama mwenyewe kwenye chuchu, au kutopaka kitu kabisa, kunaweza kuwa sawa na marhamu za kununua au hata bora zaidi, na kwamba kwa akina mama wengi maumivu hupungua yakawa madogo ndani ya siku saba hadi kumi. Habari hii inafariji, lakini ina upande wake mgumu: siku saba hadi kumi hizo ndizo mama anazopitia bila kumwona mtu yeyote wa afya, ndizo anazoamua kama ataendelea, na ndizo maji ya sukari yanapoingia mdomoni mwa mtoto kwa mara ya kwanza.

Hali hizi mbili, kucheua na maumivu, hulishana. Mtoto aliyeshika vibaya anaweza kumeza hewa nyingi, na hewa ikitoka inatoka na maziwa. Mama anayeumia anafupisha muda wa kunyonyesha, titi halikauki, maziwa yanaganda, titi linakuwa gumu na la moto, na asipolikamua linaweza kufikia uambukizo au jipu. Kichanga aliyenyonya dakika tano analia baada ya nusu saa, na hapo wanaosikia wanatoa hukumu yao: maziwa hayamtoshi. Ushauri sahihi kwa mtoto anayecheua unajulikana: mnyonyeshe mara nyingi, mbeulishe, mshike wima kifuani kama nusu saa baada ya kunyonya, kisha mlaze chali. Hebu tupige hesabu ya ushauri huo. Kichanga hunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku. Ukitoa nusu saa ya kunyonya na nusu saa ya kumshika wima, umetumia saa nane hadi kumi na mbili, kabla hujachota maji, hujawasha moto, hujafua nguo. Nazo nguo za mtoto anayecheua ni kazi kamili peke yake. Anayeijua mvua ya Tukuyu au baridi ya Mufindi ya mwezi Juni na Julai anajua kwamba nepi iliyofuliwa asubuhi haikauki mpaka kesho. Katika saa hizo zote yuko mkubwa ambaye naye, kwa umri wake, anatakiwa kula mara tatu au nne kwa siku na vitafunwa katikati, kulishwa kwa subira, kunawishwa, kuangaliwa asikaribie jiko. Ushauri haupingiki. Wa kuutekeleza ndiye anayehitajika awe watu wawili, naye ni mmoja.

Pengo hilo halibaki wazi, linajazwa. Sehemu nyingi za Tanzania mtoto anayetapika, anayekohoa na kulia huambiwa ana kimeo, akapelekwa kukatwa kwa wembe. Au huambiwa ana meno ya plastiki, fizi zake zikachokonolewa meno ambayo hayajaota. Watoto wamevuja damu na kufa kwa hayo, wengine wamepata maambukizi mabaya, na yote kwa hali ambayo ingeisha yenyewe. Wapo wanaompa dawa ya chango, na wapo wanaomgeukia mama na kumwambia mtoto amebemendwa, yaani mama amerudi kwa mume mapema mno na maziwa yake yameharibika. Shutuma hii ya mwisho ninaiona ni ya kikatili kuliko zote, kwa sababu humfanya mama aone aibu kwenda zahanati wakati ndipo anapohitaji kwenda. Siwalaumu bibi na mawifi wanaoshauri hivyo. Mtoto analia usiku kucha, kila mtu nyumbani amechoka, na hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba kucheua kuna mwanzo, kuna kilele, na kuna mwisho. Anayetaka waache wembe awape kwanza maelezo, na awape mapema, kabla ya usiku ule.

Ipo hoja moja ya nyumbani ninayoiheshimu, kwa sababu ina ukweli ndani yake: uji. Wazee wanasema mtoto anayecheua akipewa uji mzito kidogo, tumbo linatulia. Ni kweli kwamba chakula kizito hupunguza maziwa yanayoonekana kurudi. Hata madaktari huongeza kitu cha kuzidisha uzito kwenye maziwa ya kopo kwa baadhi ya watoto. Lakini kupungua kwa kinachoonekana kwenye kanga si kupona kwa mtoto, na bei yake ni kubwa. Uji wa mtoto wa miezi miwili unachukua nafasi ya maziwa tumboni, titi lisilonyonywa linapunguza kutengeneza, na maji na kikombe vinaleta kuhara. Hapa kwetu kuna jambo la ziada. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliowafuatilia watoto 166 wa vijiji vya Iringa, Tabora na Kilimanjaro, uliwapima sumukuvu za mahindi na kukuta kwamba waliopata zaidi aina iitwayo fumonisini walikuwa wafupi kuliko wenzao. Watoto wale walikuwa wameshafikia umri wa kula. Kumwanzishia uji wa mahindi mtoto wa wiki nane ni kumfungulia mlango huo miezi minne kabla ya wakati. Maziwa ya kopo nayo hayamwepushi mtoto na kucheua, maana msuli ni ule ule. Wapo akina mama ambao kwa sababu za kiafya watayahitaji, na hao wasionewe; lakini yasiuzwe kwa mama aliyechoka kama tiba ya kilio cha kawaida.

Kwa mikoa hii jambo hili lina uzito ambao mikoa mingine haina. Utafiti wa taifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2022-23 ulikuta maambukizi ya virusi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Mama anayeishi na virusi, anayemeza dawa zake kila siku na ambaye virusi vimefubazwa, anashauriwa anyonyeshe, maziwa yake pekee kwa miezi sita, na hatari kwa mtoto inakuwa ndogo sana. Lakini chuchu iliyochanika, titi lenye uambukizo, na kuchanganya maziwa ya mama na vyakula vingine mapema ni mambo yanayojulikana kuongeza hatari hiyo. Tazama sasa maana yake. Kidonda ambacho kwingine ni maumivu ya wiki mbili, hapa kinaweza kuwa mlango wa maambukizi, na kile kikombe cha uji cha kumtuliza mtoto kinazidisha. Mama wa namna hii anatakiwa kunyonyesha kwa titi lililo zima, kulikamua lenye kidonda, na kumwona muuguzi mara moja. Nani atamwambia siku ya nne baada ya kujifungua? Tumewekeza sana katika vidonge na vipimo, na tumefanya vema. Kumfundisha kila mama, siku zile za kwanza, namna ya kumpakata mtoto na kumweka kwenye titi, ni sehemu ya kazi hiyo hiyo, na gharama yake ni muda.

Naisikia hoja ya pili: tatizo la kanda hii ni lishe, tushughulikie chakula, haya ya matiti yatajirekebisha. Kama chakula peke yake kingetosha, Iringa isingekuwa pale ilipo. Utafiti wa 2022 ulikuta udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano Iringa ni takriban asilimia 57, wa juu kuliko mkoa wowote, wakati wastani wa taifa ni 30. Mkoa unaolisha wengine ndio wenye watoto waliodumaa zaidi. Na jambo la kusikitisha ni kwamba sababu iligunduliwa hapa hapa. Mwaka 1983 Serikali, pamoja na mashirika ya UNICEF na WHO na kwa fedha za Italia, ilianzisha mpango wa lishe Iringa, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani yake, ukaanzia vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, hadharani, na wanakijiji wenyewe wakakaa kuuliza kwa nini huyu na yule wanakonda. Walichokuta mara nyingi hakikuwa ghala tupu. Mama alikuwa shambani tangu alfajiri, mtoto ameachwa na mwenzake wa miaka sita, anakula mara mbili kwa siku. Mpango ukaweka vituo vya kulelea watoto na ukazungumza waziwazi juu ya mzigo wa kazi wa wanawake, na utapiamlo mkali ukapungua sana. Fikra iliyoiva Iringa, kwamba mtoto anasimama juu ya chakula, huduma za afya na matunzo, ilichukuliwa na UNICEF mwaka 1990 na mpaka leo inafundishwa duniani kote. Dunia ikajifunza kwetu neno matunzo, nasi tukabaki tunahesabu magunia. Matunzo ni muda wa mtu. Mkubwa wa miaka miwili aliyesahaulika jikoni kwa sababu mama yake anahangaika na kichanga, yeye ndiye anayedumaa wiki hizo, na hakuna anayemwona kwa kuwa macho yote yako kwa mdogo wake.

Hoja ya tatu husemwa kwa upole na wazee wetu: sisi tulinyonyesha kumi, chuchu zikapasuka zikapona, hatukuwa na wataalamu. Nawaamini. Ila hawakuwa peke yao. Mzazi alikuwa na mama mkwe uani, wifi jirani, na dada mdogo aliyeletwa kutoka kwao kulea. Kulikuwa na mwanamke mzima aliyemshika mtoto kichwa na kumwonyesha mzazi wa kwanza namna ya kumweka. Wataalamu walikuwepo, ila hawakuitwa kwa jina hilo. Siku hizi dada mdogo yuko shule, na hapo ndipo anapostahili kuwa. Mama mkwe yuko Makete na kijana amehamia Mbalizi, Mafinga au Uyole kupanga chumba kimoja. Arobaini ambayo mzazi alikaa ndani akihudumiwa imebaki jina, hasa mvua za Novemba zikianza na shamba la mahindi likisubiri. Nisingependa turudishe yote ya zamani, maana na wembe wa kimeo ulikuwa humo. Lakini anayesema mama wa leo ni dhaifu kuliko bibi yake ahesabu kwanza mikono iliyokuwa ndani ya ule ua.

Kuna hoja ya nne, nayo ni ya watendaji: watumishi hawatoshi, zahanati moja ina muuguzi mmoja au wawili, nani atazunguka nyumba kwa nyumba kuangalia matiti? Sidai wauguzi wazunguke. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao lengo lake ni kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima katika miaka mitano, watu wanaotoka mitaa na vitongoji vile vile wanavyovihudumia. Hao ndio. Na kwamba watu wa kawaida waliofundishwa wanaweza kazi hii tunajua kutoka kwa jirani. Mbale, mashariki mwa Uganda, wanawake wa kijijini walifundishwa wakawatembelea wenzao mara moja kabla ya kujifungua na mara nne baadaye, wakianza wiki ya kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: watoto walipofikia wiki 12, walionyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 82 kwa waliotembelewa na 44 kwa wasiotembelewa. Kusema kweli yote, utafiti ule haukuonyesha kuhara kumepungua, kwa hiyo asitokee mtu akauza ziara za nyumbani kama dawa ya kila kitu. Zinachofanya ni kile tunachokihitaji hapa: kumvusha mama wiki zile ambazo peke yake asingevuka. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2022, linataka mama aonwe saa 48 hadi 72 baada ya kujifungua na tena kati ya siku ya saba na ya kumi na nne. Kwetu, mama wengi wanakutana na muuguzi kwa utulivu kwenye chanjo ya wiki ya sita. Wakati huo kidonda ama kimepona ama kimeshamaliza kunyonyesha kwake.

Nimeacha baba mpaka sasa kwa sababu yeye hahitaji utafiti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, siku 100 akizaa pacha, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha akirudi kazini. Baba anapewa siku tatu. Siku tatu zinaisha maziwa yenyewe hayajajaa vizuri, maumivu hayajafika kilele, na kichanga hajaanza kucheua kwa kweli. Sheria hii inastahili kubadilishwa, lakini hata ikibadilishwa leo haitamgusa mkulima wa Kilolo wala mpagazi wa Mwanjelwa, ambao hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Kwao likizo ni makubaliano ya nyumbani. Wapo wanaosema kulea ni kazi ya mama na mwanamume atachekwa. Kunyonyesha ni kwa mama, hilo halina mjadala. Kumlisha mkubwa uji, kumwogesha, kumchukua kwenda naye shambani au dukani, kufua nguo zilizocheuliwa, kumshika kichanga wima nusu saa ile usiku ili mama afumbe macho, hakuna hata kimoja kinachohitaji titi. Na kwa yule mkubwa kuna faida nyingine: mtoto aliyeona nafasi yake imechukuliwa hutulia haraka akipata mtu mzima mmoja aliye wake kwa saa kadhaa za siku. Wauguzi wanaowataka akina baba kliniki wamefanya kazi nzuri ya kuwaleta kupima damu. Wakiwa wamekaa pale kwenye benchi, waambiwe na hili, kwa maneno ya wazi: wiki mbili za kwanza, huyu mkubwa ni wako.

Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na wakuu wa mikoa na wilaya wamesaini mikataba ya lishe inayowapima kwa viashiria. Nawaomba madiwani wa Mbeya, Rungwe, Mbarali, Kilolo na Mufindi waongeze kiashiria kimoja katika bajeti ijayo: ni wazazi wangapi waliotembelewa nyumbani ndani ya siku saba na kutazamwa wakinyonyesha, mwanzo hadi mwisho, na mtu aliyefundishwa. Sehemu ya zile shilingi itoshe nauli ya mhudumu wa jamii na siku chache za mafunzo kwa muuguzi wa kila zahanati, ili mhudumu akikuta titi la moto au mtoto asiyeongezeka uzito awe na mahali pa kumpeleka. Na kwenye fomu yake, kabla ya maswali ya homa na kitovu, liandikwe swali moja ambalo sasa halimo: mtoto mkubwa yuko na nani?